Micah Kipkirui na Kidonda Kidogo cha Mgongoni

Waombolezaji wenzetu, aliyelala mbele yenu ni Micah Kipkirui, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Elburgon, kifungua mimba wa Mzee Kosgei na Mama Chepchirchir, akasoma papa hapa hadi darasa la saba mwaka 1975, na mwaka 1979 akaandikwa kazi katika kiwanda cha mbao cha Bwana Rajinder, alikosukuma magogo kwenye msumeno kwa miaka ishirini na minane.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Jerop, wakajaliwa mabinti wawili, Chelagat na Jepkemei, ambao aliwadekeza mpaka tukamsema.

Mwaka 2005 mgongo ulianza kumsumbua, mguu wa kushoto ukafa ganzi, na tarehe 27 Novemba 2007, jijini Nairobi, Daktari Ketan alimpasua kwa kupitisha kamera na vyombo vyembamba katika tundu lisilozidi kifungo cha shati, siku ya tatu Micah akarudi nyumbani akitembea, akiwa na amri moja tu, asiinue kitu kizito kwa wiki sita.

Wageni waliokuja kumjulia hali walimfunua shati, wakakiona kidonda, wakacheka kwamba hata siafu huuma zaidi ya hivyo. Tarehe 29 Desemba majirani walikuja kumjengea mdogo wake, Kiprugut, ghala la mahindi, Micah akakaa kando, na Kiprugut, ambaye ndiye anayewasomea haya, akamtania mbele za watu kwamba amekuwa bibi harusi, naye Micah akaona aibu, akainuka, akabeba boriti. Jioni hiyo miguu yote miwili ilikataa.

Daktari alisema kwa simu aletwe mara moja, lakini barabara zilikuwa zimefungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na alipofikishwa Nairobi tarehe 9 Januari mishipa ya fahamu ilikuwa imekwisha kufa, akapasuliwa tena bila mafanikio, vidonda vya kulala vikaingiza sumu kwenye damu, na Jumapili tarehe 17 Februari 2008 akatutoka, Jerop akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani bila kuchoka, na wenzake wa kiwandani. Mjini inasemwa kwamba aliuawa na mitambo ya daktari. Si kweli, na Kiprugut anajua ni nani aliyembebesha boriti. Daktari Ketan yuko hapa, ameketi peke yake nyuma, na familia inamwomba aje mbele, kwenye kiti cha Kiprugut.

Lala salama, Micah, mdogo wako anakuomba msamaha.