Houda Asirithi Kazi Yangu

Sogeeni, wanangu, Ilias kaa mukono wa kuume, Houda hapa karibu na kifua changu, na we Mwanasiti, jirani yangu, uwe shahidi, maana sauti yangu imebaki kidogo na hasira ingali nyingi.

Jana mukubwa wa kituo cha wazee waliokimbia vita, kule Kinama, alikuja kuniona. Akasema nisihangaike, nafasi yangu ni ya Houda, avae bluzi yangu ya kazi aanze juma hili. Ilias ukamushukuru. Houda ukainamisha kichwa. Mi nilinyamaza kwa sababu kikohozi kilinishika, na musije mukasema mama alikubali.

Sikilizeni. Tangu vita vianze naogesha wale wazee, nawalisha, nawageuza migongo isioze, na wanaokufa nawafumba macho. Kazi hiyo naipenda. Lakini kila shirika likija linatuita kwenye mafunzo, linatufundisha kunawa mikono na kumushika mugonjwa, linatupa cheti cha hatua ya kwanza, kisha risasi zikilia linaondoka, linakuja lingine, tunaanza tena kunawa mikono. Niliuliza hatua ya pili iko wapi. Wakacheka, wakasema mama huyu ana moyo. Mutaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mi nimeinama mpaka mugongo umekataa kunyooka, na huko mvunguni sikukuta kitu. Nimechoka kusifiwa moyo, wanangu, moyo haumupandishi mutu cheo.

Basi Houda apana kurithi bluzi yangu. Akiitaka kazi hii, aiingie kwa mulango wa shule, awe muuguzi, akiuliza ajibiwe. Kodi ya chumba cha nyuma tunachopangisha iwe ya masomo yake mpaka amalize. Najua dini yetu, hakuna wosia kwa murithi mpaka warithi wenzake waridhie, ndiyo maana nimemuita Mwanasiti asikie. Ilias, sema, umeridhia? Sema kwa sauti.

Haya. Asante, baba. Ahadi ni deni.

Sasa lililo gumu. Mutihani wa kuingia shule ya uuguzi, ule Houda aliojiandikisha, ni kesho asubuhi, kule Kigobe, na mi sidhani kama kesho nitaiona. Nikienda usiku, mutanizika mapema kama inavyotakiwa, na watu watasema mutoto wa kike amuoshe mama yake, haki yake hiyo. Nakataa. Mwanasiti ataniosha. We Houda, barabara ikifunguliwa tu, pita bariyeri ya askari, nenda ukaandike, na atakayekulaumu aambiwe mama ndiye aliyekutuma.

Apana lia, Houda, mama yangu. Ninyanyueni kichwa kidogo... maji... inatosha.

Radhi yangu munayo nyote wawili. Mwenyezi Mungu asiwatenganishe, awafungulie... awafungulie kila nilipofungiwa.

Houda, toka sasa, ukalale. Kesho una kazi. Mi niko na Mwanasiti.