Mvinyo Ambao Papa Lukumani Hakuuonja

Tarehe 31 Julai 2025, Papa Lukumani Amisi atakabidhi funguo za ghala la mapipa baada ya miaka ishirini na moja na miezi minne katika kiwanda chetu cha mvinyo wa nanasi, kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Nyangwe. Katika muda huo wote, yeye ndiye aliyeamua mvinyo upi umeiva na upi bado. Katika muda huo wote pia, hakuonja hata tone. Wageni wakiambiwa mambo hayo mawili kwa pamoja, huomba kuelezwa tena. Sisi tumeomba kuelezwa miaka ishirini na moja.

Alikuja Aprili 2004 kuezeka paa. Siku ya tatu, akiwa bado juu, aliwaambia watu wa chini kwamba pipa la pembeni limeharibika. Wakamcheka. Walipolifungua waliacha kucheka, wakafungua na madirisha. Wiki iliyofuata aliajiriwa ndani. Paa likamaliziwa na mwingine, na ndiyo maana linavuja.

Ni Mwislamu wa Kasongo, mtu wa sala tano. Shemeji yake Ibrahim humtania kila Ijumaa: "Shemeji, harufu ya nanasi yako inafika mpaka saf ya nyuma msikitini!" Naye hujibu bila kugeuka: "Miye niliajiriwa kwa mananasi. Yanayoyafanya ndani ya pipa, yataulizwa yenyewe."

Kazi yake ya pili ilikuwa kupokea wageni. Wengi huja pande zetu kutafuta mambo ya kale: soko la Nyangwe, njia za misafara, makaburi. Wakifika kwetu, Papa Lukumani huwaonyesha mapipa, kisha ukuta wa nyuma, akiwaeleza waziwazi kwamba ulijengwa mwaka 2005. Wanaupiga picha hata hivyo. Profesa mmoja aliupapasa kwa heshima kubwa. Halafu Papa Lukumani huwamiminia mvinyo na kuwaeleza ladha: huu unaingia haraka na kutoka polepole, kama mgeni aliyeshiba. Wanakunywa, wanakubali kwamba ni hivyo hasa. Wakisikia baadaye kwamba msemaji haijui ladha hiyo, wanaangalia glasi zao upya.

Anajuaje? Hippolyte, wa kuosha chupa, anasema anasikiliza mpira mwembamba unaotolea hewa ya pipa. Kweli huinama pale, lakini mgongo nao humuuma. Mkurugenzi wetu, Mama Olga, anasema ni pua. Wengine wanadai huwatazama wanywaji, tena si mdomo bali mkono. Ukimuuliza mwenyewe, anajibu, "Si iko wazi?" Unashukuru, unaondoka, na hujapata kitu.

Mwaka 2016 alilazwa kwa malaria, na sisi wanywaji wazoefu tukakutana tukaamua wenyewe kwamba mvinyo uko tayari. Ulichemka upya ndani ya chupa. Zikapasuka moja moja katika duka moja la Salamabila, wateja wote wamelala chini kifudifudi. Mwenye duka alipiga simu: "Mulinitumia mvinyo ao vita?" Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana na Papa Lukumani. Tulijua pia kwamba kosa la pili kama lile lingetufungia maduka yote, kuanzia Kabambare mpaka Kindu.

Kwa hiyo alipofikisha umri wa kustaafu miaka miwili iliyopita, hakwenda. Alisema hawezi kuwaachia mapipa watu wanaopenda kunywa. Akamchukua Mama Laetitia, aliyekuwa amemenya nanasi kwetu miaka tisa, akawa anatembea naye ghalani. Sijawahi kumsikia akimfundisha chochote. Walitembea tu.

Mwezi wa tano mwaka huu walikuja wageni kumi na watano kutoka Kindu. Walionja pipa la nne, wakasifu, wakataka kubeba chupa arobaini. Mama Olga alikuwa ameshatoa vibandiko. Macho yote yakamgeukia Papa Lukumani.

"Mumuulize Mama Laetitia," akasema.

Mama Laetitia alienda kwenye pipa, akarudi, akawatazama wageni mmoja mmoja huku jasho likimtoka. "Bado."

"Bado namna gani?" Mama Olga akauliza. "Watu wanaomba glasi ya pili!"

"Iko bado tu, Mama. Kama ni kunifukuza, munifukuze. Sifungi hii chupa."

Wageni waliondoka na mananasi mabichi na nyuso za maswali. Siku ya tisa, pipa la nne lilitoa povu mpaka mlangoni. Tulimzunguka Mama Laetitia: umejuaje? Alifikiri sana, alitaka kwa moyo kutusaidia, akaenda kuchukua fagio.

Tukamwendea Papa Lukumani. Alikuwa amesimama mbele ya povu, na kwa mara ya kwanza tulimwona naye haelewi.

"Miye nilizania imeiva," akasema.

Mchana huohuo aliandika barua ya kustaafu.

Papa Lukumani, asante kwa kila chupa ambayo haikupasuka. Mungu akupe afya, usingizi mrefu na mgongo usiouma, wewe na nyumba yako yote. Sisi tuko salama. Hatuelewi chochote, ila tuko salama.