Fortunatus Mutsinzi Alisema Chapa, Hakusema Feki

Ndugu waombolezaji, mimi ni Jovina, mke wa marehemu, na nasoma mwenyewe kwa sababu jana shemeji yangu Telesphory, kaka mkubwa wa marehemu, aliniambia, "Mama Ihirwe, ukifika kwenye picha ya babu, ruka." Sitaruka.

Fortunatus Mutsinzi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962 huko Nyakahanga, Karagwe, nchini Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Bukoba, kisha akasomea uchoraji Kampala, akahitimu mwaka 1987. Alirudi nyumbani Rwanda Novemba 1994, akafundisha kuchora hapa Kicukiro, na mwaka 2003 akafungua karakana yake Remera, akitia picha fremu na kutengeneza zilizochakaa. Tulifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997, tukajenga Kagarama, tukajaliwa Ihirwe, Sangwa na Kaze. Hakuwa mtu rahisi kuishi naye, chai ilipoa huku akigeuzageuza karatasi za watu dirishani, lakini hakunidanganya.

Mwaka 2019 ukoo ulijiandaa kwa sherehe, ukamletea picha ya babu akiwa na mkuki, ambayo sote tuliambiwa Mzungu mmoja aliichora kwa penseli babu akiwa amesimama mbele yake, ili marehemu aithibitishe. Aliitoa kwenye fremu, akailaza kwenye mwanga na haikung'aa popote, wakati penseli hung'aa, akapapasa mgongo wa karatasi asikute mahali mkono ulipokandamiza, kisha akaweka lenzi, na vivuli vyote vikawa nukta zilizopangana kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mkono wa mtu hauchori kwa kamba. Akasema si orijino, ni chapa, yaani nakala iliyopigwa kwa mashine, chapa ya zamani, tena nzuri, itunzwe.

Sasa, mjini hapa orijino ni neno la simu na viatu, na kisicho orijino ni feki, kwa hiyo habari ilipofika kwa wazee wa ukoo kule Ndera, picha inakokaa, ilikuwa kwamba Fortunatus amesema babu yetu ni feki. "Karagwe imemsomesha kumkana babu," mmoja alisema, watu wakacheka. Hakualikwa kwenye sherehe, wala kwenye harusi zilizofuata.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mwezi uliopita Telesphory alikuja hospitali, akamwomba aseme tu ni orijino, wapatane, naye akajibu, "Kaka, babu ni wa kweli, karatasi ndiyo chapa. Unataka nife nikiwa mwongo ili mnizike vizuri?" Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, bila kubadilisha neno.

Niliomba picha ile iletwe hapa leo, haikuletwa. Lenzi yake nimeileta, iko mezani karibu na kitabu cha rambirambi, anayebisha aende Ndera aichukue picha, tuangalie pamoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kagarama mliopika na kulala nasi, walimu wenzake na mafundi wa Remera, nanyi wa ukoo mliokuja mkakaa mbele, mkasikia.

Fortunatus, pumzika kwa amani, neno lako sikuliruka.