Kiitaliano cha Bibi

Mshonaji alikuwa amekaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, gauni la mteja mapajani, masikio yake hayana adabu. Mbele yake fundi bomba, mtu mzima, alikuwa akimhoji msichana wa chuo aliyeketi naye.

“Mwanangu, uhasibu upo, uuguzi upo, wewe ukachagua Kiitaliano! Huku utaongea na nani?”

“Na bibi yangu, baba. Ujanani alilea watoto wa Waitaliano. Tangu apate kiharusi, Kiswahili kimemtoka, kimebaki hicho tu. Nyumbani walidhani anasali, mama akawa anaitikia amina. Nilipoanza kuelewa, kumbe anagomba: ‘Futeni miguu, nimeshapiga deki!’”

Fundi akacheka mpaka machozi. Mshonaji akajiziba mdomo kwa gauni la watu.

“Na wewe unamjibuje?”

“Namwambia tumeshafuta. Basi, anatulia, analala.”

“Sawa. Lakini maisha ni marefu, mwanangu. Bibi akishatutoka, hicho Kiitaliano utakipeleka wapi?”

Basi likasimama. Msichana akainuka, akatundika mkoba begani.

“Sijui, baba. Kwa sasa ananisubiri.”

Akashuka. Ndipo mshonaji alipogundua kwamba kituo chake kilishapita kitambo.