Mkono wa Bwana Famau Dirishani

Bwana Famau bin Yunusi, dereva wa lori la kwanza katika Karakana ya Barabara ya Mokowe, atastaafu Jumatano tarehe 31 Desemba 1958, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne na miezi kumi. Muda wote huo ameendesha kati ya Mokowe, Hindi na Witu, mchangani wakati wa kiangazi na topeni wakati wa masika, akibeba kokoto, boriti, mapipa ya mafuta, na safari moja bwana harusi aliyeachwa na basi. Hajapata kumgonga mtu, punda wala mnazi.

Pamoja na hayo, faili lake lilikuwa na doa. Ulikuwa mstari mmoja tu, wa Novemba 1953, lakini kwa ajili yake hakustahili Cheti cha Dereva Salama, ambacho hupewa dereva anayeondoka kazini na faili safi. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikubali kabla sijamaliza kuulizwa, kwa sababu najua mstari ule uliingiaje, na nia yangu ilikuwa kuutoa. Nitaufikia. Kwanza mzee apewe haki yake.

Alizaliwa Pate mjini, kwa baba mkulima wa tumbaku ambaye hakuona sababu ya mtu kwenda mahali asipoweza kufika kwa miguu au kwa mashua. Mwaka 1931 Bwana Famau alikwenda Mombasa kumuuguza mjomba wake. Mjomba akapona, mpwa hakurudi. Alikuwa ameona lori. Alianza kwa kuosha magari, akaendelea kwa kuyasukuma yasipowaka, na mwanzoni mwa 1934 alirudi kwao na leseni ya udereva, karatasi ambayo Pate nzima ilikuja kuitazama.

Mamake, Bi Saadiya, aliambiwa kwamba dereva mwenye karatasi ile hafungwi. Basi akaipeleka kwa siri kwa fundi wa ngozi, ikakunjwa, ikashonwa vizuri kama hirizi, na mwana akavishwa mkononi juu ya kiwiko. Miezi minane alitembea nayo hivyo. Askari wa kwanza aliyemsimamisha Witu na kumtaka leseni alijibiwa kwa heshima kwamba iko, lakini kwanza apewe kisu. Askari alirudi nyuma hatua tatu, na mambo yalichukua muda kueleweka.

Wakati ule barabara yetu ilikuwa na magari sita, na kila moja lilikuwa na tabia zake. Wako madereva walioendesha na mguu mmoja nje ya mlango kwa ajili ya upepo. Wako waliopita katikati ya njia daima, kwa hoja kwamba mchanga wa katikati ndio mgumu, nao wakikutana uso kwa uso walishuka wakajadiliana nani ana haraka zaidi. Yuko mmoja, simtaji kwa kuwa atakuwapo kwenye sherehe, aliyepiga honi kuanzia Hindi mpaka Mokowe bila kupumzika, akaulizwa kwa nini, akasema ananyamazisha injini. Bwana Famau hakugombana nao. Alikaa kushoto kwake, akaenda mwendo wake, akafika.

Sasa niseme habari ya mkono, maana ndugu zetu wa mji wa Amu, yaani Lamu, ambako motokaa haina pa kupita, huenda hawaijui. Usukani uko upande wa kulia, na dereva hueleza nia yake kwa kutoa mkono wa kulia dirishani. Akiunyoosha, anakata kulia. Akiuzungusha, anakata kushoto. Akiupandisha na kuushusha, kiganja kikitazama chini, anapunguza mwendo. Akiuinua wima, kiganja mbele, anasimama.

Aliyetunga kanuni hizi hakupita Mokowe. Kwetu, kiganja kinachopanda na kushuka maana yake ni njoo, na kiganja kilichoinuliwa ni salamu. Kila Bwana Famau alipopunguza mwendo, watu wawili watatu waliacha shughuli zao wakamkimbilia wajue anawaitia nini. Bi Swafiya, aliyekuwa akiuza mahamri karibu na gati, alimletea sahani siku nne mfululizo, na dereva kwa haya akayala yote siku nne mfululizo. Kila aliposimama, barabara nzima iliitikia.

Nafika kwenye doa. Ilikuwa Jumanne tarehe 24 Novemba 1953, mwezi wa Maulidi, wageni wamejaa njiani wakielekea gatini wavuke kwenda Amu. Bwana Famau alikuwa mbele na lori la kwanza, amebeba boriti za daraja, zimetokeza nyuma kiasi cha urefu wa mtu, na tambara jekundu limefungwa nchani. Nyuma yake lilikuja lori la pili, na aliyeliendesha ni mimi, Jeilani bin Mahmud, dereva wa miezi sita. Nilikuwa nimemkaribia mno. Niliamini kwamba vumbi huwa jingi zaidi kwa anayekaa mbali.

Karibu na shamba la minazi, Bi Umulkheir alitokea kijiani na punda wake aliyebeba makuti. Bwana Famau akamwona, akauinua mkono wima, akakanyaga breki.

Mkono niliuona. Nakumbuka hata furaha niliyoipata. Miezi sita mizima nimekuwa dereva mdogo wa karakana, na leo mzee mwenyewe, mbele ya wageni wote hawa, ananisalimu. Nikautoa mkono wangu wa kulia kwenye usukani, nikauinua, nikaitikia waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh bila kupunguza herufi, kisha nikauweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kama nilivyofunzwa kumwitikia mtu mzima. Katika wabarakatuh ndipo tulipokutana. Boriti ilivunja kioo cha mbele, ikapita juu ya kisogo changu na kutokea nyuma. Laiti ningekuwa fidhuli wa kukaa wima, wasifu huu angeuandika mtu mwingine.

Siku ya tatu alikuja mkaguzi wa magari kutoka Mombasa. Kila shahidi alimuuliza swali moja: je, dereva wa mbele alitoa ishara? Mimi nilisema nilimwona akisalimu. Bi Umulkheir naye alisema, tena kwa kujivuna, kwamba Famau alimsalimu tangu mbali, na kwamba marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo, mtu wa adabu. Mashahidi wawili, hakuna aliyekuwa na chuki, na wote tumesema mamoja. Bwana Famau alipoulizwa, alijibu maneno manne tu: “Mkono wangu ulikuwa nde,” yaani nje ya dirisha. Mkaguzi alilichukua jibu hilo kuwa ni kukiri. Akaandika kwamba dereva alikuwa akisalimu watu badala ya kutoa ishara, na mzee akatia sahihi chini yake.

Siku ile sikusema uongo. Nilisema nilichoamini. Lakini juma lililofuata Bwana Famau alinipandisha kwenye lori lililosimama uani, akatoa mkono dirishani, akaniuliza kila ishara inasema nini. Tatu nilizijibu. Ya nne alipoinua kiganja, hapo nilijua kwamba siku ile hakuwa akinisalimu.

Nilijua, nikakaa kimya. Nilikuwa na mke huko Shela na mtoto wa kwanza wa siku arobaini, na kazi ya miezi sita. Nilisema nitamwandikia mkaguzi kesho. Kesho ikawa Ramadhani, Ramadhani ikawa masika, na miaka mitano imepita kwa mtindo huo. Sioni cha kujisifia hapo. Nimeona aibu kila asubuhi nilipolipita lori la kwanza kwenda kwenye langu.

Kwake yeye nilikwisha kukiri zamani. Nilimfuata mwaka 1954, yuko chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana, na nadhani nilichagua wakati ule makusudi ili nisimtazame usoni. Alisikiliza mpaka mwisho, spana ikiendelea kufanya kazi, kisha sauti ikatoka chini: “Yamepita, Jeilani. Lakini ukiwa ndiani nyuma yangu, kaa mbali.” Hakulitaja tena jambo hilo, na mimi kwa woga nikajifanya kwamba kusamehewa na yeye kunatosha.

Mtu mwingine angekasirika na watu. Yeye alikasirikia mkono. Tangu siku ile aliapa kwamba akiwa kwenye usukani hatamsalimu mtu kwa mkono, hata awe nani. Ukimuuliza sababu, alikwambia, “Ndiani mkono husema neno moya.” Salamu aliziitikia kwa mdomo, lakini injini ya lori lile ilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wake, na hakuna aliyemsikia. Mokowe ikasema Famau amepata kiburi. Mkwewe, Mzee Bwanamkuu, alimpungia siku tatu barabarani asijibiwe, akavuka mpaka Pate kumwambia binti yake, Bi Hadia, kwamba mumewe ameharibiwa na magurudumu.

Mara ya nne Bwana Famau alimpita mzee, akaonyesha kwamba anasimama, akasimama, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka, akarudi nyuma kwa miguu hatua mia mbili juani, akambusu mkono, akamuuliza hali, hali ya nyumba, hali ya shamba na hali ya mbuzi mmoja mmoja, kisha akarudi akalipiga lori hendeli. Vibarua waliokuwa nyuma ya lori walikuwa wamelala. Tangu hapo Mzee Bwanamkuu ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkubwa. Akiona kiganja kinainuka, huwatawanya watu kwa fimbo, akiwaambia kwamba mkwe wake anasimama.

Katika kazi zote alizofanya, naipa nafasi ya kwanza ile ya Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala, kuanzia 1954, alikaa juu ya sanduku karibu na gati na sinia mikononi badala ya usukani, akawafundisha madereva wa basi, madereva wa malori ya wafanyabiashara, wenye punda, na kina mama wanaouza vitu pembeni mwa njia. Alitoa mkono kwenye dirisha ambalo halipo, na hadhira ikasema kwa pamoja: anapunguza, anakata, anasimama. Aliyeitikia salamu kwa makosa alitolewa mbele akashike sinia yeye. Bi Swafiya alifuzu kabla ya madereva wawili. Tangu masomo yale yaanze, hakuna gari lililogonga jingine Mokowe. Basi liligongwa mara moja na nyati, lakini nyati hakuwahi kuhudhuria.

Mazoea hayo yana gharama yake nyumbani. Bwana Famau akivuka kwenda Amu sokoni, mkono wake haujui kwamba gari limebaki bara. Kabla hajapinda kona ya kichochoro, mkono hutoka wenyewe. Kwa njia hiyo amekwisha kuangusha kilemba kimoja, kikapu cha maembe, na kofia ya mtu aliyekuwa akimwendea kwa ajili ya kumwalika arusini. Bi Hadia hutembea nyuma yake kwa umbali wa kutosha, na ndiye mtu pekee katika visiwa hivi ambaye hakuhitaji kufundishwa kukaa mbali.

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea msimamizi wa karakana, Bwana Abdulhalim, barua yenye haya yote, na nakala ya mkaguzi. Bwana Abdulhalim aliisoma, akacheka sana alipofika kwenye wabarakatuh, kisha akaisoma tena na hakucheka. Aliniuliza kama najua itanigharimu nini. Nilijua. Lori la kwanza lilikuwa nipewe mimi mwezi wa Januari.

Jibu la Mombasa lilifika Jumatatu. Mstari wa 1953 umekatwa kwa wino mwekundu katika faili la Bwana Famau, na mwingine umeandikwa katika langu, kwamba dereva wa nyuma alikaribia mno na hakuelewa ishara. Leseni yangu imechukuliwa kwa miezi sita. Kuanzia mwaka mpya nitakuwa na koleo, nikijaza mashimo huko Hindi pamoja na vibarua, na lori la kwanza litaendeshwa na Bwana Wazir, ambaye naomba akipita awaangalie watu wa pembeni. Nimelala vizuri tangu Jumatatu kuliko nilivyolala kwa miaka mitano.

Cheti cha Dereva Salama kimekwisha kuandikwa jina, na Bwana Famau atakabidhiwa Jumatano saa nne asubuhi uani mwa karakana, mbele ya kila aliyepata kumwita mwenye kiburi. Mahamri yatakuwapo.

Bwana Famau, karakana nzima inakushukuru kwa miaka yako na kwa wote waliofika makwao kwa sababu yako. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wa raha huko Pate, wewe na Bi Hadia na wajukuu. Na hili lisomwe kwa sauti, walisikie hata wa nyuma: siku ile Bwana Famau alitoa ishara. Aliitoa mapema, aliitoa sawasawa, na mimi niliiona.

Jeilani bin Mahmud
Lori la pili, Mokowe