Viti vya Kusubiria

Ndani ya tramu, treni ya mitaani ya jiji la Göteborg, Sweden, Ragnvald, fundi wa kuchomelea asiye na kazi, alimtambua aliyeketi mbele yake: Gunilla wa ofisi ya ajira.

"Dada, mbona mmeondoa viti vya kusubiria?"

"Kusubiri ni upotevu, kaka, nasi tunaondoa upotevu. Siku hizi hakuna anayesubiri ndani."

"Tunasubiri nje, kwenye theluji!"

"Nje hakuhesabiwi," alijibu, kwa upole wa mtu aliyetoka semina.

"Na ile kahawa yenu ya saa tatu, na maandazi ya mdalasini, si upotevu?"

"Ile ni desturi."

Ragnvald akaiacha hiyo; kuna mambo Msweden habishii.

"Posho yangu inakoma Ijumaa. Nitaonana na nani?"

"Jina lako lina sumaku ya kijani kwenye ubao wetu, alama ya faili lililofungwa. Umeshahudumiwa."

"Nimehudumiwa? Kazi sina!"

"Hiyo ni idara nyingine," alisema Gunilla. Tramu ikasimama, akashuka bila kupoteza hata hatua moja.