Ndau Ilivyomngoja Bwana Abdulqadir Husseini

Ndugu wa Ndau, nanyi mliovuka kutoka Amu na Pate, Assalaam alaykum. Mimi Famau Husseini, kaka wa marehemu, nimeombwa na jamaa niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Abdulqadir bin Husseini bin Wazir alizaliwa hapa kisiwani Ndau mwaka 1909, mtoto wa tatu wa Bwana Husseini Wazir na Bi Nana Amini, akasoma Kurani kwa Mwalimu Barka huko Pate, kisha mwaka 1921 akapelekwa skuli ya serikali Mombasa, alikojifunza hesabu, Kiingereza na kuchora ramani. Tarehe 3 Machi 1930 aliajiriwa kuwa dresa, mfunga vidonda na msaidizi wa daktari, katika hospitali ya Amu, akapanga nyumba huko huko mtaa wa Mkomani.

Mwaka 1934 alimuoa Bi Mwanamkisi Fadhil wa hapa Ndau, wakajaaliwa binti, Swafiya. Mwezi wa Agosti 1939 Bi Mwanamkisi, aliyekuwa amerudi kwa mamake kujifungua, alishikwa na uchungu usiokwisha, akatiwa chomboni kupelekwa Amu, maji ya bahari yakapwa wakiwa katika mlango wa Mkanda, chombo kikakwama matopeni, naye akafariki humo pamoja na mtoto, mumewe akiwa amesimama gatini akimngoja. Alirudishwa akazikwa hapa. Tangu hapo hakikufunga kamba Amu chombo cha upande huu ila marehemu aliteremka kuuliza ni nani aliyekuja.

Mwaka 1943 alimuoa Bi Hadia Badawi wa Mkomani, aliyemzalia Obeid na Alawiya, na ambaye hakumkataza kuteremka gatini.

Mwaka 1954 ofisi ya afya ilimtaka aandike hali ya wilaya, visiwa vyake, visima, njia za maji na idadi ya watu wa kila mji, ili ijulikane zahanati zijengwe wapi. Agizo lilikuwa waandikwe waliokutwa mjini tu, na zamu ya Ndau ikaangukia Julai, wakati ambao, kama mjuavyo, mji mzima huhamia bara kuamia mashamba yasiliwe na nyani, wakabaki wazee na wagonjwa. Mkubwa wake alipoisoma hesabu hiyo alimuuliza, "Zahanati ya nani, Abdulqadir, ya paka?" Marehemu aliomba likizo, akavuka bara, akapita dungu kwa dungu akiwaandika watu walioketi juu kulinda mimea, na Bi Umulkheir, ambaye yuko nasi hapa, alimwita kutoka juu ya dungu lake, "Na nyani uwaandike, Bwana Dresa, wao ndio wenye nti hii ya bara."

Aliporudi aliambiwa kwamba watu hao ni wa bara, kwa kuwa ndiko walikolala. Ndugu yangu, ambaye hakuwa msemaji, alijibu kuwa mtu ni wa pale anapongojewa, na kwa neno hilo alikaribia kufukuzwa kazi, lakini hakulifuta, hata Oktoba 1955 hesabu ya Ndau ikakubaliwa kama alivyoiandika, na mji ukapewa zahanati.

Februari 1957 alipatwa na maradhi ya ini, akatibiwa hospitalini kwake, daktari akashauri apelekwe Mombasa, lakini yeye aliomba aletwe Ndau. Alifika Mei, na kila asubuhi alichukuliwa na kitanda chake hadi penye kuta za zahanati, ambayo bado haijaezekwa, akawekwa upande wa chumba cha wazazi, watakamojifungulia wanawake, akitazama mafundi. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Juni, mji ukiwa mtupu kwa sababu ya mashamba, nami nilihofu kwamba hatutapata hata wa kulibeba jeneza, lakini kabla ya Adhuhuri mlikuwa mmekwisha kuvuka, mmewaachia nyani mahindi yenu, na wengine wenu walikosa nafasi msikitini.

Tunamshukuru daktari na wenzake wa hospitali, majirani wa Mkomani, watu wa Pate waliotoa chombo, na Bi Hadia, aliyekubali mumewe azikwe mbali na nyumba yake.

Abdulqadir, tumekulaza karibu na Mwanamkisi. Mwenyezi Mungu akurehemu. Tulia sasa, ndugu yangu, hakuna tena chombo cha kungoja.